Bawabu Mmoja

Mama Redio anasema siku kiwanda cha sabuni kilipoungua alimwona baba yangu stendi. Anasema alikuwa na begi jeusi, shati limemtoka kwenye suruali, anakwenda mbio kama mtu aliyebanwa na tumbo. Anasema alimwita kwa jina mara mbili, "na hata shingo hakugeuza, mwenzangu," akapanda basi la kwenda mbali, basi likaondoka, na kabla halijafika kona moshi ukaonekana juu ya mabati. Hapo huwa anasimama kidogo, anameza mate, ili msikilizaji afike mwenyewe anakotaka afike: kwamba ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa mfukoni mwa baba yangu, na nyuma ya mlango huo watu walikuwa wanagonga kwa ngumi.

Habari hii nimeisikia tangu sijajua kuhesabu. Zamani begi lilikuwa dogo. Nilipofika darasa la tatu likawa kubwa, na nilipomaliza la saba yalikuwa mabegi mawili.

Mama Redio si jina lake. Ameitwa hivyo kwa kuwa habari zake hazina kitufe cha kuzimia. Tunatenganishwa naye na ukuta wa tofali moja. Akikohoa tunajua, tukikaanga kitunguu anajua. Si mtu mbaya. Mama alipougua homa kali ndiye aliyetuchotea maji wiki nzima, hakuombwa. Ila mdomo wake una miguu, na ulifika shuleni kabla yangu. Watoto walikuwa wananiita Ufunguo. "Ufunguo, fungua mlango tunaungua!" Nilizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Siku ya moto nilikuwa na miezi kumi na minne. Mama alinibeba mgongoni akaenda ofisi ya kiwanda, wakamjibu kupitia dirishani: waliokufa ni tisa, wanane wametambuliwa kwa majina, mmoja hatambuliki, na jina la mumeo halimo. Dirisha likafungwa. Tangu hapo mama yangu si mke na si mjane. Hakukaa msiba, maana utamliliaje mtu aliyeonekana stendi? Hakuolewa tena, maana utaolewaje wakati mumeo hajulikani kama yu hai? Miaka kumi na tisa ameishi kama aliyesimama kwenye foleni isiyosogea.

Picha za baba zilikuwa mbili. Mchwa waliziramba pamoja na fremu zake.

Mwaka huu macho ya mama yakaanza kumkimbia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Akampa matone ya kulinda kilichobaki. Nikamuuliza mama anaonaje. "Naona kama nachungulia kwenye tundu la ufunguo," alisema, kisha akacheka kwa neno lililomtoka. "Ufunguo tena! Nyumba hii imekosa neno jingine jamani."

Yeye alicheka. Mimi, ambaye nyumbani na kazini wananiita Kobe, ndipo nilipoanza kuwa na haraka. Uso wa baba yangu ulikuwa umebaki kichwani mwa mama tu. Ukiniwekea picha za wanaume mia, nitapita juu ya baba yangu kama ninavyopita juu ya mtu mwingine yeyote. Wa kusema "ndiye huyu" alikuwa mama, na tundu lake lilikuwa linapungua. Mama Redio naye anamjua, lakini huyo hata akiniambia leo ni Jumatatu, naangalia kalenda.

Nafanya usafi maktaba, ghorofa ya pili, kwenye chumba cha magazeti. Magazeti yenyewe ya karatasi yako chini, kwenye makabati, yanakohoza. Huku juu kuna kompyuta sita, na ndani yake kuna kitu wanachokiita hifadhidata, yaani ghala la magazeti ya miaka yote, ukurasa kwa ukurasa, yamepigwa picha. Kwa miaka mitatu nimepiga deki nyuma ya migongo ya wanafunzi nikiwaangalia. Nimeona namna wanavyoandika neno kwenye kisanduku, namna orodha inavyoteremka, namna neno lao linavyong'aa manjano katikati ya ukurasa mkuukuu. Nimeona pia wanavyokata tamaa. Wengi huondoka kwenye ukurasa wa pili wa orodha. Mimi na deki yangu tulikuwa tunajiuliza, mbona hajaangalia wa tatu?

Msimamizi wa chumba kile ni mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Tunamwita Bi Tarehe, kwa kuwa hata umwamkie atakuuliza tarehe. Siku moja saa ya chakula, chumba kitupu, nikamsogelea.

"Bi, naomba kuuliza."

"Sabuni ya vyoo imekwisha tena?"

"Hapana. Habari ya zamani, mtu anaipataje humo?"

"Tarehe?"

"Tarehe sina. Nilikuwa na miezi kumi na minne."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kumbe kalenda yako ni kitovu chako. Haya, habari gani?"

Nikamwambia. Kiwanda, mlango, begi, stendi, macho ya mama. Nilimwambia vibaya, nikianzia mwisho, lakini alisikiliza hadi mwanzo. Kisha akavuta kiti cha kompyuta ya dirishani.

"Vua aproni. Ukikaa hapa wewe ni msomaji, na msomaji namdai mikono mikavu tu."

Nikaikausha kwenye sketi. Kwanza tuliandika jina la baba, kwa tahajia tatu. Hakuna kitu. Nikaandika "moto". Zikaja habari elfu kumi na mbili: timu zilizowaka moto, mjadala moto, msanii moto wa kuotea mbali. Nikaandika "mlinzi", kwa kuwa ndiyo kazi ambayo mtaa mzima unasema baba aliifanya, akilinda mlango wa nyuma. Wakaja wachezaji mpira. Mlinzi wa kati aumia goti. Mlinzi wa kushoto asaini. Nikawafikiria wale wanawake waliokuwa wanafunga sabuni kwenye makaratasi, nikaandika "mfungaji". Nikapata magoli.

"Timu yako imekamilika," Bi Tarehe alisema, "kasoro kipa."

Alicheka hadi miwani ikadondoka ikaning'inia kifuani. Kisha akanifundisha. Maneno mawili matatu ukiyafunga ndani ya alama za kunukuu, mashine huyatafuta yakiwa yameshikana. Ukiweka kinyota mwishoni mwa neno, inakuletea neno hilo na mikia yake yote.

"Na vichwa?" nikauliza.

"Vichwa gani?"

"Mlinzi, walinzi. Alikufa, walikufa, wamekufa. Mkia ni ule ule. Kinachobadilika ni kichwa."

"Kinyota mbele hakikubali," alisema. "Waliotengeneza mashine hii maneno yao hubadilika mkia. Yetu hayakufikiriwa. Itabidi uandike kila kichwa peke yake, binti yangu, na hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi."

"Au ya kobe," nikasema.

Nikanunua daftari. Kila siku saa ya chakula nilikaa na kuandika neno moja kwa vichwa vyake vyote, na kila lililokataa nikalipiga mstari. Ameungua. Waungua. Walioungua. Aliyeungua. Wateketea, kwa kuwa magazeti hayapendi kuungua, yanapenda kuteketea. Waangamia. Nilijifunza kwamba gazeti lina lugha yake ya msiba, nyumbani hakuna aongeaye hivyo.

Kwa "kiwanda cha sabuni" ndani ya alama za kunukuu nilizipata habari za siku tatu za mwanzo. Waliokufa tisa. Majina manane, nikayasoma moja moja kwa kidole. Meneja akisema mlango wa nyuma haukuwahi kufungwa. Picha za bati lililojikunja kama jani kavu, picha ya kiongozi akitoa pole, viatu vyake vikiwa vyeupe kabisa. Nilichuja nibaki na picha tu, nikazikuza moja baada ya nyingine hadi zikawa vitone. Hakuna mtu ndani ya picha hizo niliyeweza kumpelekea mama nikasema tazama. Siku ya nne gazeti likahamia kwenye mambo mengine, na mashine ikasema hakuna zaidi.

Wakati huo mdomo wa Mama Redio ulikuwa umeshatembea. Nikianika nguo uani akanisemesha.

"Nasikia siku hizi unasoma chuo."

"Napiga deki, Mama."

"Aa, mimi nimeambiwa unamtafuta babako kwenye kompyuta. Ukimpata, mwanangu, umwambie namdai salamu. Alininyima pale stendi."

"Alipanda basi la wapi, Mama?"

"La wapi tena! La kwenda."

"Lilikuwa rangi gani?"

Akashika kiuno. "Wewe mtoto, kompyuta imekuharibu. Mtu mzima anakwambia ameona, wewe unauliza rangi."

Nilipoingia ndani mama alikuwa amelala chali kitandani, anasubiri matone. Siku zile nilikuwa namtia mara mbili, asubuhi na jioni. Nikamfungua jicho, tone likaingia, akafinya.

"Usibishane naye," alisema. "Ameniambia hivyo hivyo miaka yote. Siku nyingine nilimwamini, nikalala vizuri. Nikasema basi, yu hai, anakula mahali."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hilo. Nikashika kichupa mkononi nikawa sijui nikifunge au nikiache.

"Mama," nikamwambia, "zaidi ya mlinzi, baba walikuwa wanamwitaje?"

"Mlinzi! Ukimwita mlinzi ananuna siku mbili. Alikuwa akisema mlinzi ni mtu wa rungu, kazi yake kuzuia. 'Mimi nafungulia watu. Mimi ni bawabu.'" Akatabasamu, chozi la dawa likateremka hadi sikioni. "Sijui neno hilo alilitoa wapi. Alipenda maneno makubwa kuliko shati lake. Kiwandani wakamzoea hivyo hivyo. Bawabu, Bawabu."

Usiku huo nililiandika kwenye daftari, nikalitazama. Neno lisilobadilika kichwa; wakiwa wengi huongezewa tu ma mbele.

Kesho yake sikungoja saa ya chakula. Chumba kilikuwa na wanafunzi wawili. Nikaiacha ndoo mlangoni nikakaa na aproni yangu. Bi Tarehe aliona, akaendelea na kazi yake. Nikaandika "bawabu", na kwenye kisanduku cha tarehe nikaweka mwaka ule tu. Zikaja habari saba. Mbili ni matangazo ya hoteli ikitafuta bawabu mrefu. Moja ni mashairi. Ya nne ilikuwa ya wiki tatu baada ya moto, ukurasa wa saba, chini ya tangazo la rangi za nyumba.

Nilielewa kwa nini nilikuwa siioni. Ukurasa ulikuwa umekunjwa kabla ya kupigwa picha, na mkunjo ulipita juu ya neno sabuni. Mashine ilikuwa imesoma "kiwanda cha sahani".

Habari yenyewe ilikuwa fupi kama kiganja. Mwanamke mmoja mfunga sabuni, kibarua, alizungumza na gazeti akiwa wodini, mikono yote miwili imefungwa bendeji. Nimeikariri, sihitaji karatasi. "Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa amri ya ofisi, kama kila zamu. Bawabu mmoja ndiye aliyekuja kutufungulia. Tulitoka watu kumi na mmoja. Tukamwambia twende, akasema ndani kuna mtu anaita. Akarudi. Hatukumwona tena."

Pembeni palikuwa na picha. Moshi umejaza nusu yake. Mlango uko wazi, na mwanaume amesimama kwenye kizingiti, ameushika mlango kwa mkono mmoja usijifunge, anatazama ndani. Mgongo tu. Bega moja limeshuka. Chini wameandika: Mmoja wa waokoaji, siku ya ajali. Picha na Mpigapicha Wetu.

Nilikuwa nimekuja kutafuta uso, nikapewa mgongo.

Bi Tarehe alikuja akasimama nyuma yangu. Alisoma akinong'ona, kama anayesoma dua. Alipofika mwisho akasoma tena.

"Jina hawakuandika," nikasema.

"Hawakuandika."

"Kwa nini?"

"Huyo mama pengine hakulijua. Na mwandishi hakuuliza." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. "Neno moja tu lilitakiwa, na alikuwa na nafasi. Tazama, tangazo la rangi wamelipa nusu ukurasa."

Alijaribu kunisaidia kwa siku nne zaidi. Alipiga simu hapa na pale akitafuta filamu ya ile picha, kama mpigapicha alipiga nyingine, sekunde moja baadaye, mtu akigeuka. Gazeti lile lilikwisha kufungwa zamani, jengo likauzwa, na hakuna aliyejua masanduku ya filamu yalikwenda wapi. Wale wafunga sabuni walikuwa vibarua wa kutoka mbali. Kiwanda kilipofungwa walitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Siku ya tano akanichapia habari na picha kwenye karatasi nzuri, nzito, akaiingiza kwenye bahasha.

"Kaisome ilivyo," akaniambia. "Usimpunguzie, usimwongezee."

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Njiani nililifikiria lile jina. Ni neno moja. Baada ya "bawabu mmoja" ningeweza kulitia, polepole, kwa sauti ile ile, na mama asingejua kwa kuwa tundu lake halikuwa linamtosha tena kusoma herufi ndogo za gazeti. Halafu nikakumbuka kwamba hata begi la Mama Redio lilianza hivyo hivyo, kwa neno moja ambalo mtu aliona linafaa.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Kikombe cha chai kilikuwa mbele yake, na mkono wake ulikuwa unapapasa sakafu upande mwingine kabisa.

"Mama?"

"Ni wewe? Nipe kikombe changu, kimenikimbia."

Nikampa. Nikapitisha kiganja mbele ya uso wake. Hakupepesa.

"Tangu lini?"

"Juzi. Mwanga nauona, kama pazia. Sikutaka kukutia haraka, ulisema umekaribia." Akanywa chai. "Umepata?"

Nikakaa, nikamwekea karatasi mkononi. Aliiinua hadi ikagusa pua, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akanirudishia.

"Niambie kilichomo."

"Ni mwanaume, mama. Amegeukia ndani. Uso hauonekani."

"Sikukuuliza uso. Bega lipi limeshuka?"

Nikaangalia. "La kulia."

"Mlango ameushika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

Akavuta pumzi, akaikalia. "Miguu ameisimamisha vipi?"

"Mmoja mbele. Kisigino cha nyuma kimenyanyuka kidogo."

"Shati limechomekwa?"

"Nusu."

"Nusu," alisema. "Nusu, siku zote nusu. Nilimsema kwa hilo hadi nikachoka." Akajifuta uso kwa kanga, mara moja tu, kwa nguvu, kama anayefuta meza. "Soma."

Nikasoma. Nilisoma kama tulivyofundishwa darasani, kituo kikubwa na kituo kidogo. Amri ya ofisi. Kila zamu. Watu kumi na mmoja. Mama alikuwa anahesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akaendelea kwenye goti. Nilipofika kwenye "akarudi" akaniwekea mkono kwenye mkono.

"Akafanyaje?"

"Akarudi."

"Ndani?"

"Ndani, mama. Anasema kuna mtu alikuwa anaita."

Upande wa pili wa ukuta sufuria iligongwa, kisha ikawekwa chini taratibu. Mama alijifunga kanga vizuri, akakaa wima, akanyoosha miguu kama wanavyokaa watu waliofikiwa na habari ya msiba na wanangoja kupokea wageni.

"Haya," alisema. "Sasa soma pale penye jina lake."

Nilikuwa nimeshika karatasi kwa mikono miwili.

"Soma kwa sauti, mwanangu, wasikie mpaka huko. Usilimeze." Akainamisha sikio upande wangu. "Jina la baba yako. Soma."